Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa tabia za watu, kutuonya kwamba uzuri wa sura si dhamana ya uzuri wa moyo. Leo naomba, msomaji, tuirudishe kwa nyumba zenyewe. Nakualika tufuate historia ya ujenzi wa watu wa Magharibi tangu karne ya 15 mpaka zama zetu, na kituo chetu kiwe Ukambani, katika Kitui na Makueni. Usistaajabu kwamba nimechagua nchi ya mibuyu na mito ya mchanga kuwa mahali pa kuzungumzia majumba ya Ulaya. Majumba yale yamezaa, na watoto na wajukuu wake wametufikia. Wengine walikuja kwa meli, wengine kwa reli, wengine katika kurasa za vitabu. Wako waliotufaa, na wako waliotusumbua. Mtu aliyesoma hana budi kuwatambua na kuwapima.

Kipimo chetu kitakuwa swali moja. Mbele ya kila jengo tutauliza: limejengwa limfae nani, anayekaa ndani au anayelitazama kutoka nje?

Kabla ya kuzungumza juu ya nyumba za wageni, ni adabu kuanza na ya mwenyeji. Nyumba ya kale ya Mkamba ilikuwa ya mviringo. Fito zilisimikwa ardhini, zikapindwa, zikafungwa kwa kamba, kisha nyasi zikaezekwa toka kileleni hadi karibu na ardhi. Mlango ulikuwa mfupi, hata mgeni hakuweza kuingia bila ya kuinama. Ndani mlikuwa na mafiga matatu, na moshi wake ulipenya katika nyasi ukawafukuza wadudu. Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita susu kwa desturi ya Kikamba, alikuwa na nyumba ya namna hiyo, nami nimelala ndani yake usiku mwingi. Katika adhuhuri ya Februari, jua linapochoma hata mawe, mle ndani palikuwa na ubaridi wa kivuli cha mkuyu. Katika usiku wa Julai, upepo unapokata kama wembe, mle ndani palikuwa na joto la kadiri. Siri yake ni nyepesi. Kati ya nyasi na nyasi kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Walakini nyumba hiyo ilikuwa na dosari zake pia. Iliogopa moto, ililiwa na mchwa, ilikuwa na giza, ilidai nyasi mpya kila baada ya miaka michache, na mvua iliyoteremka juu yake haikuweza kukingwa ikawa safi. Yashike mambo haya mawili, dosari na sifa, maana tutayahitaji mbele ya safari.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka wa 1420 mafundi wa mji wa Florence, katika Italia, walianza kazi iliyoogopwa na wengi. Kanisa kuu la mji huo lilikuwa limekaa miaka mingi pasipo kuba, kwa kuwa tundu la kufunikwa lilikuwa na upana wa zaidi ya mita 40, na hapakuwa na aliyejua kulifunika bila ya kusimamisha msitu wa magogo toka sakafuni. Filippo Brunelleschi, mtu aliyejifunza kwanza kazi ya usonara, alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine. Aliyapanga matofali kwa namna ambayo yalishikana yenyewe kila mzunguko ulipokamilika, na alibuni mashine za kupandishia mizigo zilizozungushwa na ng'ombe. Kuba hilo lilikamilika mwaka wa 1436, na linasimama mpaka leo.

Wakati huo huitwa Renaisansi, maana yake kuzaliwa upya. Kilichozaliwa upya ni elimu ya Warumi na Wayunani wa kale. Wasanifu walikwenda Roma, wakayapima magofu, wakayachora, wakajifunza kanuni za nguzo na matao. Walisadiki kwamba uzuri una hesabu, na kwamba hesabu bora imo katika mwili wa binadamu: kichwa kwa kiwiliwili, mkono kwa mguu. Badiliko jingine, ambalo pengine ni kubwa zaidi, ni kwamba jengo sasa lilizaliwa kwanza juu ya karatasi. Mtu mmoja alifikiri na kuchora, na wengine mia wakajenga. Susu hakuwa na karatasi. Ramani ya nyumba yake ilikuwa katika kumbukumbu ya kijiji kizima, nayo ilirithiwa kwa kutazama na kusaidia.

Tunda la fikira za Renaisansi halipo mbali nasi kama unavyodhani. Ukishuka toka Makueni kwa njia kuu mpaka Mombasa, utalikuta limekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliani wa Milan. Ukiitazama ramani hiyo kutoka juu, utaona umbo lililofananishwa na mtu aliyelala chali, lenye kichwa, mikono na miguu. Pembe zake zilichongwa hivyo kwa sababu ya mizinga, ili kila ukuta uweze kulindwa kutoka ukuta mwingine. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilipoteremsha pembe za ndovu mpaka Mombasa, hapana shaka wazee wetu waliiona. Ngome hiyo ilimfaa aliyekuwa ndani, lakini hakuna aliyekaa ndani milele. Mwaka wa 1698 Waarabu wa Omani waliitwaa baada ya mazingiwa yaliyoanza mwaka wa 1696. Waingereza waliigeuza gereza mwaka wa 1895, na leo ni makumbusho ambamo wanafunzi huingia kwa miguu yao na kutoka salama.

Baada ya hapo ujenzi wa Ulaya ulipita katika hali nyingi. Karne ya 17 ilipenda majengo ya fahari, yenye kuta za mawimbi na dari zilizojaa dhahabu na picha; mtindo huo huitwa Baroki. Wengine walipendelea utulivu. Mtaliani Andrea Palladio alikuwa ametoa mwaka wa 1570 vitabu vinne juu ya sanaa ya ujenzi, ambamo alionyesha jinsi nyumba ya mtu wa kawaida iwezavyo kupewa uso wa hekalu, wenye nguzo na pembetatu juu yake. Vitabu hivyo vilisafiri. Uingereza ilivipokea, kisha Marekani, na hatimaye uso huo wa hekalu ukawa vazi la mabenki, mahakama na majumba ya watawala duniani kote. Katika karne ya 19 wengine walirudia matao yaliyochongoka ya makanisa ya zamani, yaitwayo ya Kigothi. Ukifika Nairobi utayaona yote mawili. Kanisa kuu la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka wa 1917, ni la Kigothi. Herbert Baker, Mwingereza aliyekuwa amejenga makao ya serikali huko Pretoria, alichora jumba la gavana ambalo sasa ni Ikulu, tena akachora shule ambayo leo huitwa Nairobi School. Nguzo zake ni nzuri, wala sikatai. Lakini mtawala aliyezijenga katika nchi asiyokuwa mwenyeji wake alitaka zimwambie mpita njia neno moja: wewe ni mdogo. Hilo ni jengo lenye kusema zaidi na aliye nje.

Ukambani haukupata nguzo za marumaru. Ulipata vitu viwili vya hali ya chini zaidi, navyo vikaubadili zaidi kuliko marumaru. Cha kwanza ni nyumba ya pembe nne. Nisieleweke vibaya: pwani, Waswahili walikuwa na nyumba za mawe za pembe nne karne nyingi kabla ya Wareno kufika. Lakini huku bara zilienea pamoja na misheni. Waskoti walifika Kibwezi mwaka wa 1891. Walutheri wa Kijerumani walikuwa Ikutha kabla ya karne ya 20 kuanza, na Mulango mwaka wa 1899. Misheni ya Africa Inland ilianzisha kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka wa 1895. Darasa lilitaka madawati katika safu, na safu hupenda ukuta ulionyoka.

Cha pili ni bati. Mwaka wa 1829 Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hati ya uvumbuzi wa bati lenye mikunjo. Jaribu mwenyewe, msomaji: shika karatasi kwa ncha moja, itaanguka; ikunje mara kwa mara kama feni, itasimama na kubeba kalamu. Hiyo ndiyo elimu yote ya bati. Mwaka wa 1851 London ilishangaa kuona jumba kubwa la chuma na kioo, lililojengwa kwa muda wa miezi michache kwa vipande vilivyotoka viwandani tayari. Msanifu wake, Joseph Paxton, alikuwa mtunza bustani. Tangu hapo jengo liliweza kufungwa kama mzigo, likapakiwa melini na kuunganishwa ng'ambo. Reli iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka wa 1901 ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, na bati lilipanda nayo. Lakini usidhani kwamba kila kilichoshuka katika reli hiyo ni cha Magharibi. Hekalu la Makalasinga la Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926, lilitokana na imani na mikono ya Wahindi waliofanya kazi katika reli, na mpaka leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula pale. Hilo ni jengo ambalo mlango wake na ndani yake vinasema neno moja.

Mtunza bustani wa pili katika hadithi yetu ni Mfaransa Joseph Monier. Alichoshwa na vyungu vya maua vilivyovunjika, akatia waya ndani ya saruji, na mwaka wa 1867 akapata hati ya uvumbuzi wake. Katika vyungu hivyo na matangi ya maji aliyoyaunda baadaye ndimo zilimopita mbegu za zege lenye nondo, linalobeba madaraja na maghorofa ya leo. Zege na chuma vilimweka msanifu huru. Ukuta haukulazimika tena kubeba paa, na dirisha liliweza kuwa refu kama nyumba. Huko Ujerumani, shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa na Walter Gropius mwaka wa 1919, ilifundisha kwamba umbo la kitu lifuate kazi yake, na mapambo yasiyo na kazi yaachwe. Huko Ufaransa, Le Corbusier alijenga kati ya mwaka wa 1928 na 1931 nyumba nyeupe iitwayo Villa Savoye, yenye paa la bapa, juu ya nguzo nyembamba. Vitabu vya ujenzi vimeisifu duniani kote. Lakini wenyewe waliokaa ndani walimwandikia msanifu barua wakilalamika kwamba mvua inavuja. Unaona, msomaji, kwamba methali ya wahenga wetu inafika hata Ufaransa.

Wako wasanifu wa zama hizo mpya walioijali hali ya nchi. Mjerumani Ernst May, ambaye katika miaka ya 1920 alijengea watu wa kipato kidogo maelfu ya nyumba huko Frankfurt, alikuja Afrika Mashariki mwaka wa 1934 akakaa mpaka miaka ya 1950. Alijifunza hapa kwamba jua la ikweta si la Ujerumani. Hapa jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima, kwa hiyo ukuta unaoelekea mashariki au magharibi huungua, na dirisha linaloelekea kaskazini au kusini hupumua. Kisha ikaja zamu ya wenyeji. Jumba la Mikutano la Kenyatta huko Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1973, lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, pamoja na David Mutiso, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika nchini Kenya, mwenye jina ambalo utalisikia likiitwa katika kila soko la Ukambani. Mnara wake una ghorofa 28. Kando ya mnara kuna ukumbi wa mviringo wenye paa lililochongoka. Nilipoutazama mara ya kwanza nilisimama kimya. Nyumba ya mviringo, ambayo vijijini ilikuwa ikionewa haya, ilikuwa imesimama katikati ya mji mkuu, imevaa zege.

Nasema ilikuwa ikionewa haya, kwa kuwa niliyaona hayo nyumbani kwetu. Baba alipojenga nyumba ya matofali na mabati, alitaka ya susu ibomolewe. Jamaa walikaa barazani jioni moja. Baba akasema kwa unyenyekevu, "Mama, watu wapitao njiani wanatuona." Susu akamjibu, "Mwanangu, hao wapitao njiani, hulala kwangu?" Hakuna aliyeongeza neno. Mchana wa kiangazi nyumba ya baba ilikuwa tanuri. Usiku ilikuwa baridi. Na mvua ilipopiga bati, mtu hakuweza kusikia sauti ya mwenziwe. Ikawa mchana sote tunakimbilia kwa susu, hata baba.

Lakini mvua za Novemba zilipofika, bati nalo lilitoa ushahidi wake. Mpaka siku hizo mama na dada zangu walikuwa wakienda mtoni kufukua mchanga na kungoja maji yajikusanye shimoni, kata kwa kata. Usiku ule tulipanga vyombo chini ya ukingo wa paa, na asubuhi vyote vilikuwa vimejaa. Susu alikuja na chungu chake mwenyewe. Akalitazama bati kwa muda mrefu, akamwambia baba, "Nyumba yako haijui kulala, mwanangu, lakini inajua kuteka maji."

Fanya hesabu uone alivyosema kweli. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 60. Mvua ya milimita 25 itakupa lita 1,500. Toa sehemu moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zitabaki lita 1,200, yaani mitungi 60 ya lita 20. Punda abebaye mitungi minne angekwenda mtoni mara 15. Haba na haba hujaza kibaba. Baba alitia milizamu ukingoni mwa paa na kujenga tangi la saruji na waya, lile lile wazo la Monier na vyungu vyake. Kisha, kwa shauri la susu, alitia dari, akaacha matundu ya hewa juu ya kuta, akapanda miti upande wa magharibi. Nyumba ikakalika.

Nyumba ya susu haikubomolewa. Ilidumu maadamu yeye alidumu. Alipofariki dunia, tulitaka kuiezeka upya, tukatafuta fundi wa nyasi katika vijiji vitatu. Tulimpata mzee mmoja ambaye macho yake hayakuona tena. Mchwa waliimaliza nyumba hiyo katika misimu miwili ya mvua. Kuba la Florence lina miaka karibu 600, na vitabu vingi vimeeleza jinsi lilivyojengwa. Nyumba ya mviringo ya Ukambani imejengwa na vizazi visivyohesabika, na kama hatukuandika sisi, elimu yake itazikwa na wazee wachache waliobakia.

Kwa hiyo, msomaji, nakuomba usiyaige ya Magharibi kwa kijicho wala usiyakatae kwa kiburi. Brunelleschi alijifunza kwa kupima magofu ya watu waliokufa zamani, na hakuna aliyemcheka kwa kurudi nyuma. Ukiwa fundi, daktari au diwani, ipo siku utaulizwa zahanati ijengweje, au darasa lielekee wapi. Siku hiyo utaona pia tanuri za matofali zikila miti ya vilima vyetu, nawe utapaswa kuuliza kama udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo hautatosha. Utaona maduka yenye vioo vikubwa vinavyoelekea jua la jioni, na wenye duka wakijifunika kwa mapazia. Uliza daima jengo litamfaa nani.

Tena usingoje kuwa mtu mzima. Jumamosi hii chukua kamba, daftari na kalamu. Lipime paa la shule yako, uhesabu maji liwezayo kukinga kwa msimu mmoja. Kisha mtafute mzee aliyepata kuezeka nyumba ya nyasi, umwamkie kwa heshima, umwombe akueleze namna fito zinavyopindwa na nyasi zinavyoanza kufungwa. Chora anayokuambia. Ramani hiyo yamkini haijachorwa bado, na mkono wako unaweza kuwa wa kwanza.